Mikeka ya Kwenye Katuni

Mke wangu Hisae alipenda katuni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililomcheka zaidi.

Kwao walilima nyasi za kufumia mikeka, zile zinazochovywa kwenye tope kabla ya kukaushwa. Alipoolewa kuja kwetu, mtaa wa Joge, alikuwa na miaka ishirini na mbili na nguo zake zilikuwa tayari na harufu ya kazi yangu. Mama yangu alimnusa akasema, "Huyu ameshazoea."

Kazi yetu ni mikeka minene ya sakafuni, tatami. Ndani ni majani ya mpunga yaliyobanwa, juu ni nyasi zilizofumwa, pembeni ni utepe wa kitambaa. Mimi nilipima na kukata. Hisae alishona pindo. Uzi wetu hukazwa kwa kiwiko, unakandamiza mkeka kwa kiwiko huku mkono ukivuta. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa kigumu kama gome. Kwenye bafu la mtaa wanawake walimtania. Yeye akasema, "Wenzangu mna pete."

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mimi pia. Nyumba yetu ilikuwa kimya, na nilidhani huo ndio utulivu.

Tulipata mtoto mmoja, Chinatsu. Alikulia karakanani, akichora kwenye karatasi za kufungia mizigo. Alipofika miaka sita nilimfundisha alichonifundisha baba yangu. Nikamwambia, "Usitazame mkeka. Tazama pengo." Nyumba za zamani hazijanyooka. Nguzo imeinama, ukuta umevimba. Kwa hiyo kila mkeka hukatwa kwa mahali pake, na nyuma yake huandikwa namba. Ukihamisha miwili tu, mahali fulani litafunguka pengo. Watu wa kawaida wataona mikeka mizuri. Fundi ataona pengo. Chinatsu alilala kifudifudi, akafumba jicho moja, akasema, "Baba, hapa kuna upepo."

Nilimfundisha na hili. Katika nyumba yenye heri, pembe nne za mikeka hazikutani mahali pamoja. Zikikutana, hapo kuna maiti. Siku hizi hata penye maiti hakuna anayejisumbua kuipanga hivyo, lakini mwiko umebaki.

Chinatsu akakua, akaenda Tokyo kuchora katuni. Hakuchora watu, alichora vilivyo nyuma ya watu, yaani nyumba, milima na mvua. Mimi nilitaka abaki na karakana. Aliponiaga nilimwambia, "Haya." Neno moja. Nililiona linatosha.

Hisae aliongea naye kwa simu kila Jumapili. Mimi sikuwahi kuuliza anachora katuni gani.

Ikaja ile ya wapiga kengele. Ndugu wawili, kaka na dada, wanazunguka milimani na kengele ya shaba wakifukuza mizuka. Kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu jioni nchi nzima ilikaa chini. Sura zao zilikuwa kwenye biskuti, kwenye taulo, kwenye kopo la chai. Posta waliweka mlangoni sanamu ya karatasi ya yule kaka. Nilimgonga bega nikamwomba radhi.

Hisae hakukosa hata Jumamosi moja. Mama Urabe, jirani yetu muuza tofu, ile jibini ya soya, alikuja na kibakuli chake, wakakaa wawili mbele ya televisheni. Mimi nilikwenda kwa Nagato kinyozi, hata nikiwa sina nywele za kukata. Pale walikaa wale wasioipenda.

"Mimi siipendi kwa sababu kila mtu anaipenda," alisema Nagato. "Ukiona kundi linakimbia, uliza kwanza linakimbilia wapi."

"Aa wapi!" alisema Kuroe, muuza pombe. "Wewe ulichelewa kuianza. Ukakuta vipindi tisini vimeshapita, ukachoka kabla hujakaa. Sema kweli."

"Na wewe je, mkweli?"

"Mimi kelele. Mtu anataka kumpiga mwenziwe, kwanza anatangaza jina la pigo. Na adui anangoja! Adui gani huyo mwenye adabu hivyo?"

"Na vilio."

"Usiniambie vilio. Kakatwa kidole, analia Jumamosi tatu."

Tukacheka. Nagato akanigeukia na mkasi. "Haya, Fundi Sadaoka. Wewe una lako?"

Nilikuwa nalo. Juma lile nilipita sebuleni nimebeba beseni, nikatupa jicho kwenye kioo cha televisheni. Mama wa wale ndugu alikuwa amekaa chumbani kwake anachambua maharage, anacheka. Mikeka minane. Pembe nne katikati zimekutana.

"Mama mzima wa afya," nikawaambia, "wamemtandikia mikeka ya msiba. Nchi nzima inatazama, hakuna hata mmoja aliyeona."

Wakatazamana. Kisha wakacheka sana. Kuroe alijipiga paja. Nikaona sababu yangu ni bora kuliko zao, ni ya fundi. Juma lililofuata nikairudia, na lililofuata tena, nikiichonga kidogo kila mara mpaka ikawa kali.

Sababu ya kweli sikuisema kwa kinyozi. Jumamosi jioni nilikuwa nikimwita Hisae, hasikii. Nilikaa karakanani nikaisikia kengele ya katuni kupitia ukutani, halafu kicheko chake. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu tukiwa vijana. Mimi sikuwahi kumchekesha hivyo. Mzee wa miaka sabini na tano nilikuwa naionea wivu picha.

Mwaka Mpya Chinatsu akaja nyumbani. Hisae alipika supu ya chaza na mochi, vitonge vya mchele uliopondwa. Televisheni ilikuwa inarudia vipindi vya mwaka mzima. Kikafika kile cha mama na maharage. Chinatsu akaweka vijiti vyake chini, akawa ananitazama mimi badala ya televisheni.

Nikadhani anangoja nichangamshe meza.

"Tazameni mikeka hiyo," nikasema. "Aliyechora hii hakulelewa na mtu. Kakulia porini. Baba yake hakuwa na macho."

Upawa wa Hisae ulisimama juu ya sufuria.

"Umeona hilo tu, Baba?" Chinatsu aliuliza.

"Linatosha."

Aliinuka akaosha mabakuli, hata langu ambalo sikuwa nimemaliza. Kesho yake akaondoka na treni ya kwanza, siku mbili kabla ya siku yake.

Hisae aliniambia mlangoni, "Baba Chinatsu, jana umekata bila kupima."

"Nimefanya nini?"

"Muulize mwenyewe."

Aliyechora mikeka ile alikuwa Chinatsu. Sikuambiwa, na sikuuliza. Labda nilijua. Mtu anaweza kujua kitu na akakigeuzia mgongo, na mimi mgongo wangu ni mpana. Wanasema kinywa jumba la maneno. Jumba langu halikuwa na mlango.

Miaka mitatu Chinatsu hakuja. Alizungumza na mama yake Jumapili. Simu ikilia na mimi nikaipokea, alisema, "Hamjambo. Mama yupo?"

Kisha Hisae akaugua. Ini. Alilazwa hospitali mjini, chumba cha watu wanne. Mama Urabe alimletea simu yenye kioo kikubwa ili asikose wapiga kengele wake. Jumamosi moja nilikuwa kando ya kitanda. Akasogea, akaacha nafasi pembeni yake.

"Kaa hapa," akasema. "Kipindi kimoja tu."

Nikasema naenda kutafuta chai.

Mashine ya chai ilikuwa mwisho wa ukumbi. Nilisimama mbele yake mpaka nilipokadiria kengele imekwisha. Nikarudi na makopo mawili. Moja nililinunua mwanzo na moja mwisho, kwa hiyo moja lilikuwa limepoa. Hisae alichukua lililopoa.

Alifariki Jumatano iliyofuata.

Chinatsu alikuja mazishini. Aliwahudumia wageni, akakusanya mito ya kukalia, akapanga viatu mlangoni. Mimi alinisemesha kama anavyomsemesha mwenyekiti wa mtaa. Chungu cha mifupa ya mama yake, iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, tulikiweka mbele ya picha yake, kikae mpaka siku ya arobaini na tisa, ndipo kikazikwe hekaluni. Akawasha udi, akainama, akaniambia akiwa bado ametazama picha:

"Siku ya arobaini na tisa nitakuja, kwa ajili ya Mama. Baada ya hapo sioni cha kunileta."

Nikasema, "Haya."

Neno lile lile. Lilitoka lenyewe.

Jumamosi ya kwanza Mama Urabe aliingia na tofu bila kubisha hodi. Akakaa mahali pake. Mahali pa Hisae palikuwa patupu.

"Washa," akasema.

"Sijui kuwasha."

"Si rimoti hiyo mbele yako? Au nayo ni adui?"

Nikaichukua. Sikuwahi kuishika. Juu ya vibonyezo vyake palibandikwa vijikaratasi vya Hisae, vimeandikwa kwa herufi nyepesi, zile ninazoweza kuzisoma. WASHA. RUDI NYUMA. VYA ZAMANI. Karatasi zilikuwa zimeshageuka rangi.

"Alikuwa anasahau?" nikauliza.

"Nani asahau? Hisae alikuwa anamaliza gazeti zima, herufi ngumu na nyepesi, kabla hujaamka. Hizo alikuandikia wewe."

"Lini?"

"Zamani. Alisema, 'Labda siku moja atataka kutazama, aone aibu kuniomba nimwashie. Basi awe na njia yake.'"

Nilibonyeza VYA ZAMANI. Tukakitafuta kipindi cha maharage, Mama Urabe akinielekeza na kunitukana kwa zamu. Kikatokea.

Mama amekaa, anachambua, anacheka. Pembe nne zimekutana. Hilo nilishaliona.

Nikasogea. Nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo, nikatazama pengo.

Lilikuwepo, kwenye kizingiti upande wa kushoto, la upana wa kidole, na kivuli chembamba ndani yake. Asiyejua kazi hangelichora. Asiyejua angechora mikeka imekaa sawa, kwa sababu kwenye karatasi kila chumba ni mraba. Huyu alijua kwamba mikeka ile imetolewa mahali pake na kupangwa upya, na kwamba mikeka iliyotolewa mahali pake lazima iache upepo. Halikuwa kosa. Mtu ndani ya nyumba ile alikuwa ameigeuza kwa makusudi.

"Nani kaigeuza?" nikauliza.

"Mama mwenyewe," alisema Mama Urabe. "Anajua atakufa, watoto hawajui. Vipindi vitatu mbele ndiyo inaonyeshwa, anaibeba peke yake mmoja mmoja. Tulilia hapa mpaka tofu ikaingia chumvi. Wewe ulikuwa kwa Nagato."

Nikatazama tena. Utepe wa mikeka ulikuwa wa buluu iliyoiva, buluu yetu. Nguzo ya kushoto iliinama kuelekea nje, na chini yake palikuwa na alama nyeusi ya pembetatu. Nikageuka nikatazama chumba changu cha mikeka minane, hapo nyuma. Nguzo ya kushoto. Alama ya pasi, aliyoiangusha Chinatsu akiwa darasa la tatu, nikamfokea.

Chumba changu. Nchi nzima ilikuwa imekiona kabla yangu.

Mwishoni majina yakapanda. Mama Urabe akaninyang'anya rimoti, akayasimamisha. Jina la ukoo naweza kulisoma, liko juu ya mlango wa karakana yangu tangu enzi ya babu.

"Mlijua," nikasema.

"Mtaa mzima, Mzee Sadaoka. Nagato alijua. Kuroe alijua. Ulipokuwa unawasimulia habari ya mikeka yako, ulidhani wanaicheka katuni?"

Masikio yaliwaka moto kama ya mtoto.

"Mbona hamkuniambia?"

"Binti alikataza. Alimwambia mama yake, 'Usimwambie Baba. Nimemwekea pengo. Atanijua kwa pengo.'" Akafunika kibakuli chake. "Hisae akangoja uone. Alikuwa na subira mkeo, mimi ningekupiga na upawa."

Akaondoka. Nilikaa na yale majina kwenye kioo mpaka mashine ikajizima yenyewe.

Nilitaka kupiga simu. Nilishika simu mara tatu. Kwa maneno mimi si fundi, na nililokuwa nalo kinywani lilikuwa "Haya" tu.

Siku mbili kabla ya ile ya arobaini na tisa nilihamisha chungu na picha ya Hisae, nikaanza kung'oa mikeka ya chumba cha minane. Mkeka mmoja wa zamani ni mzito kama mtoto wa miaka kumi. Zamani niliubeba begani. Safari hii niliuburuta, nikapumzika, nikauburuta. Nyuma ya kila mmoja palikuwa na namba kwa mwandiko wa Hisae. Ilinichukua siku zote mbili. Niliipanga yote kuelekea upande mmoja, pembe kwa pembe, kama baba yangu alivyoipanga alipokufa babu. Pengo likafunguka kwenye kizingiti, kushoto.

Nikarudisha picha na chungu. Nikamwambia Hisae, "Nimechelewa." Nikawasha udi.

Chinatsu alifika na treni ya asubuhi, amevaa nyeusi. Kasisi wa hekalu alikuwa ameshakuja, anakunywa chai sebuleni. Chinatsu alimsalimia, akanisalimia mimi kwa salamu ile ile, akaenda kumwona mama yake. Mlangoni akasimama.

Alisimama muda. Kasisi alishusha kikombe.

Akapiga magoti. Halafu, na nguo zake za msiba, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, akalala kifudifudi kwenye kizingiti. Akafumba jicho moja. Akaingiza kidole kwenye pengo.

"Hili ni pana kuliko langu," akasema.

"Nguzo imesogea tangu ulipoondoka."

"Kiasi gani?"

"Nusu kidole."

Akaendelea kulala pale. Mgongo wake ulikuwa unatikisika kidogo. Kasisi, mtu mzima, alikohoa akasema miaka mingi hajaona mikeka imepangwa hivi, na kwamba ataomba dakika chache akatazame bustani. Bustani yetu ni ndoo mbili na mti mmoja wa matunda, persimoni. Aliitazama muda mrefu.

Tulisoma sala. Tukaenda hekaluni tukamweka Hisae kaburini. Tuliporudi, Chinatsu alivua koti akakunja mikono ya blauzi.

"Haiwezi kubaki hivi," akasema. "Msiba umekwisha."

Tukaanza kuirudisha. Alisoma namba, mimi nikamwonyesha mahali. Katika mkeka wa tatu nilisema. Ilibidi niseme nikiwa nimeinama, uso wangu usionekane.

"Mwaka Mpya ule nilisema aliyechora hakulelewa na mtu."

"Ulisema."

"Baba yake ndiye hakuwa na macho."

"Na hilo pia ulisema."

Sikujua niweke wapi mikono. Nikamwambia habari ya chai hospitalini. Makopo mawili, na lile alilochukua mama yake. Hiyo sikuwa nimemwambia mtu. Chinatsu alisikiliza bila kunitazama. Hakusema, "Si kitu," kwa sababu ni kitu.

"Shika upande wako, Baba," akasema.

Nikashika.

Mkeka wa sita haukukubali kukaa. Niliupasua pindo nilipouburuta, pembe ikalegea. Chinatsu aliupindua, akapapasa mshono wa mama yake kwa kidole gumba.

"Huu unataka kushonwa upya," akasema. "Usiuguse peke yako. Utauharibu."

"Mimi ndiye fundi."

"Fundi asiyeona pengo." Hakucheka. Lakini aliniambia mimi, si mwenyekiti wa mtaa.

Aliondoka na treni ya alasiri. Hakusema atarudi lini na sikuthubutu kuuliza.

Siku hizi Jumamosi natazama, mimi na Mama Urabe. Wapiga kengele bado wanaendelea. Kelele zao sizipendi, na adui bado anangoja atajiwe jina la pigo. Vilio nimeacha kuvisema. Yule kaka akilia natazama nyuma yake, nyumba na mvua.

Mkeka wa sita nimeuegemeza ukutani kama alivyouacha. Uzi nimeutia nta, sindano nimeinoa, lakini sijaugusa. Chumbani kuna nafasi ya mkeka mmoja, mbao tupu. Napita pembeni.